Kipimo Kisichotiwa Sabuni

Kazini walimwita Mama Vipimo, ingawa hakuwa na mtoto hata mmoja. Kwa miaka kumi na minne hakuna kipimo kilichotoka katika maabara ile bila kupita mikononi mwake, na Jumanne hiyo alifika kazini na hasira.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna bakteria sugu, yule anayekula vidonda na kuzicheka dawa zote. Hujenga ukuta wake kwa kimeng'enya kimoja chenye kishimo ubavuni. Ukipata molekuli ndogo ikaingia humo na kukwama barabara, kama kijiti kilichovunjikia ndani ya kufuli, kimeng'enya hakifanyi kazi tena, ukuta haujengwi, bakteria anakufa. Katika kipimo, kimeng'enya kikiwa kazini maji hugeuka manjano. Kikizuiwa, hayabadiliki rangi.

Wiki tatu nyuma, molekuli namba themanini na saba iliyaacha maji vilevile. Mkuu wa maabara akapiga makofi. Mama Vipimo naye, mdomo wake hauna breki, akaenda moja kwa moja wodini kwa kaka yake, fundi cherehani mwenye kidonda cha mguu kilichoshinda kila dawa, akamwambia, "Kaka, tumeipata."

Madaktari walitaka kuukata ule mguu chini ya goti. Kaka mtu akagoma: anangoja dawa ya mdogo wake. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wa kwake ulikwenda kuponza mguu wa mwenzake.

Kila kipimo hutiwa tone la sabuni, kwa sababu molekuli nyingine ni laghai. Haziingii kishimoni hata kidogo. Hushikamana zenyewe kwa zenyewe zikawa madonge, na vimeng'enya vikanasa humo kama nzi kwenye asali. Sabuni huyavunja madonge, uongo ukajulikana. Lakini kwa namba themanini na saba Mkuu alisema sabuni iachwe, eti povu linaisumbua mashine. Na yeye, mjuzi wa miaka kumi na minne, akaitikia "Sawa, Mkuu," kama mtu aliyeajiriwa jana!

Jumanne hiyo alirudia kipimo, akatia sabuni bila kuomba ruhusa ya mtu. Maji yakawa manjano kama mkojo wa asubuhi.

"Nani kakutuma urudie?" Mkuu aliuliza, macho yakiwa kwenye taarifa yake.

"Haizuii chochote, Mkuu. Ni madonge matupu."

"Wafadhili wanakuja Ijumaa. Hilo tutalisema baadaye, taratibu. Haraka haraka haina baraka."

"Haraka? Aliyeondoa sabuni kwa haraka ni nani? Kuna mtu anaoza mguu akingoja madonge yako!"

Kabla ya hapo hakuwahi kumpandishia Mkuu sauti. Alivua glavu akazitupa kwenye pipa, akafungua daftari la maabara na kuandika kwa wino mwekundu kwamba namba themanini na saba haifai kitu. Akatia sahihi. Mkuu alikuwa bado anafoka Mama Vipimo alipoubamiza mlango nyuma yake.

Njia nzima alikuwa akimtukana moyoni, akipanga maneno ya kumweleza kaka yake: Mkuu kasema hivi, Mkuu kafanya vile. Wodini alimkuta ameketi kitandani, mguu umefungwa bendeji mpaka gotini, anatabasamu.

"Umekuja nayo?"

"Kaka, hakuna dawa."

Tabasamu lilichelewa kuondoka. "Si ulisema mmeipata?"

"Nilisema."

"Sasa nani kakosea?"

Maneno yote aliyoyapanga yalikuwa pale mdomoni. Akajichukia kwa jinsi yalivyokuwa tayari.

"Mimi. Mkuu aliniambia niruke hatua moja, nami najua hairukwi. Nikairuka. Halafu nikaja kujitapa hapa."

Kaka yake hakumgombeza. Alilivuta shuka likafunika mguu mpaka pajani.

"Asubuhi daktari kasema goti nalo limeshaliwa," alisema. "Wanataka kukata juu. Nikamcheka, mdogo wangu. Nikamwambia we ngoja, dada yangu anakuja."

Akageukia ukutani.

"Basi kamwite daktari."