Masharti ya Kumkaribisha Baba

Juma lililopita nilimkuta mwanangu wa mwisho amejilaza sebuleni, simu usoni, anaangalia tamthilia ya wanyonya damu. Sehemu ya ngapi? Hata yeye hajui. Nikamuuliza hao wanyonya damu wanatafuta nini muda wote huo, akaniambia bila kugeuza shingo, "Mama, ni ndefu, hutaelewa." Mimi! Mimi niliyeangalia sehemu moja tu ya mchezo wa namna hiyo maisha yangu yote, na hiyo moja ikatosha kuivuruga nyumba yetu. Kaa hapa rafiki yangu nikueleze wewe, maana yeye hana muda.

Tulikuwa tunakaa Ngokolo, pale Shinyanga mjini, katikati ya miaka ya themanini. Jirani yetu alikuwa dereva wa lori la pamba, na siku moja alirudi kutoka safari za Burundi na televisheni na deki ya video. Usinifanye nieleze tulivyofurahi. Jumamosi mchana mtaa wote ulihamia kwake, watoto mkekani, wakubwa kwenye benchi, chumba kinanuka karanga za kukaanga na jasho. Umeme ukikatika hatukuondoka, tuliimba mpaka urudi. Kanda zake zilikuwa za ngumi tupu, isipokuwa moja ambayo mtu alikuwa ameirekodi kutoka televisheni ya nchi za watu, na matangazo ya sabuni katikati. Ilikuwa sehemu moja ya tamthilia ya mashetani, kwa Kiingereza. Dereva ndiye aliyetutafsiria kwa sauti ya mtu anayeita abiria, Kiswahili na Kisukuma humo humo, na matangazo ya sabuni pia akayatafsiri.

Katika sehemu ile mwanamke amefiwa na mumewe. Shetani ameuvaa mwili wa marehemu, ameuotesha meno ya kunyonya damu, na sasa anagonga mlango wa mjane mchana kweupe. "Hawezi kuingia mpaka akaribishwe!" dereva akatutangazia. "Lakini ukimkaribisha, basi, hatoki tena!" Mwanamke akafuta machozi, akashika kitasa, akafungua mdomo. Hapo yakapanda maandishi. Imeisha, itaendelea. Tuliguna wote, wakubwa kwa wadogo. Dereva akasema kanda ya pili ipo njiani inakuja. Mpaka leo naingoja.

Wengine tuliondoka na hasira tu. Mdogo wangu, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, aliondoka na sheria. Nyumba yetu ilikuwa ya watu; mama alikuwa anaitikia "karibu" kabla hujamaliza kusema hodi. Sasa mama akitoka tu kwenda sokoni, mdogo wangu anasukuma komeo na kutukataza kuitika. Mwalimu wa dini alipiga hodi akasimama juani mpaka akaondoka zake. Mama muuza maziwa naye akaondoka na maziwa yake. Mimi niko ndani nachagua mawe kwenye mtama, nasikia watu wa heshima wanageuka mlangoni kwetu, natamani kumzaba kofi. Mama aligomba mpaka akachoka. "Mtoto huyu atanifukuzia watu wote," alisema.

Kabla sijaendelea, nikuambie habari ya baba. Baba hakuwepo. Aliaga kwamba anakwenda machimboni upande wa Geita, miezi miwili tu, apate pesa ya bati. Ikapita misimu mitatu ya pamba. Habari zake tulizipata kwa wasafiri: ameonekana Buseresere, mzima wa afya, duara lake linakaribia kutema. Duara ni shimo lao la dhahabu, na la baba lilikuwa linakaribia kutema tangu siku aliyoanza kulichimba. Mama aliuza michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga, akatulisha, akatuvalisha. Siku hizo alikuwa ameacha hata kuwauliza wasafiri.

Basi akaja, Jumamosi moja, mama yuko sokoni. Alikuwa ameshuka kwenye lori, vumbi mpaka kwenye kope, macho mekundu. Akachungulia dirishani, akatabasamu, na jino moja la mbele likang'aa. Alikuwa ametia jino la dhahabu. Mdogo wangu akapiga yowe, akajibwaga mbele ya mlango.

"Fungueni, ni mimi baba yenu," akasema yule mtu.

"Hata yule alisema ni mume," mdogo wangu akamjibu.

"Yule nani?"

Mimi sauti ile niliijua. Lakini kila nikigusa komeo mdogo wangu ananing'ang'ania miguu na kulia kama anachinjwa. Nikachota maji nikampa baba kupitia dirishani, maana dereva hakusema kwamba maji yamekatazwa. Akayanywa amesimama nje ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Mke wa dereva akatoka kwake, akacheka mpaka akashika mbavu. "Pole shemeji! Ni ile video ya mume wangu."

"Video gani?" baba akafoka.

Hapo ndipo mama alipotokea na ungo kichwani. Alimtazama baba kuanzia miguuni mpaka mdomoni.

"Mama Limi," baba akasema. Limi ndiye mimi. "Waambie wanao wafungue mlango."

"Hilo jino?"

"Dhahabu," baba akasema, akalionyesha kidogo.

"Misimu mitatu," mama akasema, "na dhahabu yote umeiweka mdomoni."

Mdogo wangu akapaza sauti dirishani. "Mama, usimkaribishe! Ukimkaribisha hatoki tena!"

Mama, aliyekuwa akiichukia sheria ile kuliko sisi sote, akautua ungo. "Hatoki tena?"

"Hatoki!"

Akamgeukia baba. "Umesikia masharti. Ukiingia humu, hutoki. Unaingia?"

Mke wa dereva akaacha kucheka. Baba akatazama barabarani. "Nimekuja siku tatu tu, Mama Limi. Mwenzangu nimemwacha shimoni. Safari hii linatema kweli."

"Basi kalale kwa dereva," mama akasema, akaketi kizingitini, akaanza kupepeta karanga zilizobaki.

Nilimkasirikia mama, sikufichi. Mimi nilimtaka baba hata kwa siku hizo tatu. Mama hakutaka siku tatu.

Baba alikaa juu ya furushi lake, anazungusha kikombe mkononi, jua likashuka. Hatimaye akamwita mdogo wangu. "Ng'wanawane, mwanangu, nikikubali kutotoka, utanifungulia?"

Mdogo wangu akafikiri. "Mpaka mama aseme karibu."

"Haya," baba akasema. "Sitoki."

Mama alisema "karibu" kwa sauti ndogo sana, bila kuinua kichwa. Mimi nikavuta komeo.

Na kweli hakutoka. Alitengeneza baiskeli barazani mpaka uzee wake. Lile duara lilitema miezi michache baadaye, kwa mwenzake, aliyenunua gari na kuja kutuonyesha. Usiniulize baba alinuna namna gani. Alinuna miaka yote. Chai haina sukari, spoku siku hizi ni mbovu, watoto wana kelele, "na mimi nimeambulia jino moja!" Tuliamka na manung'uniko yake na kulala nayo. Mama alimwacha aseme.

Nyumba ile imeuzwa, sasa ni duka la saruji na misumari. Baba na mama wamelala makaburini Mhunze. Kwangu asubuhi ni kimya, kila mtu na simu yake, kila mtu na vitu vyake masikioni, na chai ina sukari ya kutosha. Hakuna siku nisiyotamani kumsikia baba akiilalamikia.

Juzi mwanangu alichoka na maneno yangu kuhusu hizo tamthilia, akaniambia nalalamika kama babu yake. Alidhani ananisema vibaya.