Feni ya Mwanangu na Dirisha la Mamake

Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, nilimwamsha mke wangu kwa sala, naye hakuamka. Daktari wa hospitali ya Msambweni alisema ni moyo. Tulimzika kabla ya alasiri.

Siku ya hitima, watu wakinywa kahawa barazani, kijana afanyaye kazi na mwanangu katika hoteli moja ya Galu akasema, "Tuna mgeni Mkorea, kila jioni ataka feni itolewe chumbani. Asema kwao mtu akilala feni yazunguka na madirisha yamefungwa, haamki tena."

"Basi huko muuza feni hunyongwa!" akadakia jirani, na watu wakacheka.

Mwanangu hakucheka. Feni ya chumbani mwetu, iliyozunguka usiku ule kucha, alimnunulia mamake yeye. Akaweka kikombe chini, akanijia.

"Baba, usiku ule dirisha lilikuwa limefungwa?"

"Lilifungwa, mwanangu. Wamjua mamako na upepo mbaya."

Akashika kichwa. Nikamkumbusha maneno ya daktari, nikamwambia siku ya mamake ilikuwa imefika. Akajibu, "Ndiyo, baba," kwa adabu tu, wala hakuamini.

Sisi twafunga dirisha tusidhuriwe na upepo wa nje, na Wakorea waogopa ule wa ndani. Sijui binadamu apumue wapi. Lakini mwanangu amekwisha kujihukumu, na chumba kile hakiingii.

Ya Rabi, mrehemu mke wangu, mpanulie kaburi lake. Na mwanawe mwambie Wewe, maana kwangu hasikii.