Kiluhya cha Anti Peninah

Jirani yangu hapa Kisauni ana watoto wasiojua kutulia. Jumamosi iliyopita walijifungia jikoni na mifuniko ya sufuria, wakaigonganisha mpaka mama yao akaapa kuwapeleka kwa bibi yao wakakae hukohuko. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta nakunywa chai. Badala ya kukasirika, nilijikuta nangoja mtu ataje jina la yule mwovu ili kelele zianze upya. Kisha nikakumbuka kwamba hapa Mombasa hakuna anayeujua mchezo huo, na kwamba mimi mwenyewe kwa miaka mingi sikujua ulikuwa mchezo wa nani.

Nitawasimulia, lakini msinicheke mapema.

Nimelelewa Jedda. Baba alikuwa fundi wa mashine za hospitali na Mama alikuwa muuguzi, na zamu zao hazikupatana hata siku moja. Chekechea za mjini zilifunga adhuhuri, saa ambayo Mama ndiyo kwanza anafunga vifungo vya sare. Yeye na wauguzi wenzake, wengine wa Kenya na wengine wa Tanzania, wakatafuta mtu wa kukaa na sisi kutwa. Wakampata Anti Peninah.

Anti Peninah alikuwa mwanamke mwembamba wa Bungoma, mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Alikuja Saudia kufanya kazi ya nyumbani mtaa wa Aziziya, akimtunza bibi kizee. Bibi alipofariki, kafili wake, yaani mdhamini aliyemleta, ambaye alikuwa mzee mpole, alimwachia apange chumba Sharafiya na kujitafutia riziki, huku ikama, kile kibali chake cha kuishi, ikiendelea kusema yeye ni mtumishi wa nyumba ile. Kwa mujibu wa karatasi, hakuruhusiwa kulea hata paka wa jirani. Watu wazima walilijua hilo, na sisi watoto tulilijua kwa namna yetu. Mlango ukigongwa, tulinyamaza.

Chumba kilikuwa juu ya maduka ya simu. Harufu ya kuku wa kukaanga ilipanda kutoka mkahawa wa chini tangu asubuhi, ikatutia njaa hata kama tumetoka kula. Mama zetu walitaka tu tukae salama, tusianguke dirishani. Anti alitaka shule. Alituketisha duara juu ya mkeka, akavuta pumzi, akatuamkia, "Boker tov!" Nasi tukamjibu hivyohivyo kwa kupayuka. Kisha tulihesabu kwa vidole: ahat, shtayim, shalosh, arba, hamesh. Herufi alizikata kwenye maboksi ya viatu akazipaka rangi, na tulizisoma kutoka kulia. Kila Ijumaa mchana alileta mkate aliousuka mwenyewe mithili ya nywele, akaufunika kwa kitambaa, akawasha mishumaa miwili na kufumba macho kwa viganja. Sisi pia tulifumba, huku tukichungulia katikati ya vidole tuone kama mkate ungali pale.

Na sikukuu, jamani! Kulikuwa na siku ya kuchovya vipande vya tufaha kwenye asali ili mwaka uwe mtamu. Kulikuwa na siku za mishumaa mingi na mandazi yaliyojazwa jemu, ambapo Ibra wa Unguja alikula mpaka akatapika, akarudi kula tena. Kulikuwa na siku ya kelele, tulipovaa mataji ya karatasi, Anti akasimulia hadithi ya malkia mmoja na waziri mwovu, na kila akimtaja yule waziri tukapiga sufuria mpaka Mmisri wa chini akagonga dari yake kwa ufagio. Niliipenda zaidi siku ya kibanda. Anti aliomba matawi kwa vibarua waliokuwa wakipogoa mitende ya barabarani, tukayapandisha juu ya paa la jengo, tukajenga kibanda kwa shuka. Paa lake lilibaki na mianya. Tulikula wali humo ndani, jasho likitutiririka.

"Anti, mbona juu kuko wazi?" niliuliza.

"Ndio muone mbingu."

"Lakini jua latuchoma."

"Jua pia liko mbinguni, Mwanaisha. Kula."

Sasa mtauliza, wazazi walikuwa wapi? Walikuwapo. Mama alisikia arba na hamesh, akamwambia Baba kwa furaha kwamba mtoto amekishika Kiarabu. Shalosh ilimtatiza kidogo, akaamua kwamba hicho ni Kiarabu cha vitabuni. Mishumaa aliiona ni mambo ya Wakristo, na kwa kuwa Anti alikuwa Mkristo, hakutaka kumvunjia heshima. Mama Brayo wa Nakuru, muuguzi mwenzake, naye alikuwa Mkristo, lakini kanisani kwao hawakuwasha mishumaa wala kujenga vibanda. Kwa hiyo aliamini ni mambo ya Waislamu, na yeye pia akaona si adabu kuuliza. Hivyo kila mama alidhani jambo lile ni la dini ya mwenzake, akanyamaza.

Aliyechanganyikiwa kabisa alikuwa mimi. Siku ya Idi nilivaa gauni jipya, nikaketi mlangoni kungoja kibanda. Hakikuja. Nilimuuliza Baba sisi tuna sikukuu ngapi, akajibu mbili. Nilizihesabu zangu, vidole vya mkono mmoja vikaisha na bado zilikuwapo. Nilidhani Baba, maskini, hajui. Nilimhurumia, nikamwekea kipande cha mkate wa Ijumaa chini ya mto wake, kikaleta sisimizi.

Kisha tulikwenda Riyadh. Baba aliitwa huko kwa mafunzo ya kazi, akatuchukua sote. Alasiri moja alinipeleka Al-Dirah, kwenye masoko ya zamani. Tuliingia duka la mzee wa Kiyemeni aliyeuza udi na vyombo vya fedha vilivyoanza kuwa vyeusi. Mzee alinipenda. Aliniketisha juu ya kibao, akanipa tende, akauliza kama najua kuhesabu.

Baba alivimba kichwa. "Huyu? Huyu yuajua Kiarabu kunishinda mimi! Haya mama, mhesabie babu."

Nilisimama wima nikahesabu mpaka kumi. Kwa kuwa hakuna aliyenipigia makofi, niliongeza herufi zote, na mwisho nikamtakia Shabat shalom, kwa adabu nzuri, kama Anti alivyotufunza.

Mzee aliweka chini kisahani alichokuwa akikifuta. Alitazama nje, akavuta pazia la mlango, akaanza kuzungumza na Baba kwa sauti ya chini. Baba alijua Kiarabu cha nyaya na fyuzi, lakini nadhani alielewa ya kutosha, maana jasho lilimtoka ingawa feni ilikuwa inazunguka. Mzee alinitazama tena na macho yake yakajaa machozi. Mtu mmoja alikuwa analia, mwingine anatoka jasho, na mimi katikati na tende mdomoni. Nikadhani nimeruka namba. Nikaanza upya, "Ahat, shtayim..." Baba akaniziba mdomo kwa kiganja.

Safari ya kurudi Jedda ilikuwa ndefu na hakuna aliyewasha redio. Mama alisema neno moja mara nyingi, "Kiebrania? Hapa? Saudia?" Sikulijua neno hilo. Nilidhani ni ugonjwa, kwa namna alivyonigeukia kila mara kunitazama. Kisha nilisikia jina la Anti, na polisi, na uwanja wa ndege. Nikaelewa jambo moja tu, kwamba Anti ataondolewa kwa sababu yangu mimi niliyehesabu vizuri. Nililia mpaka nikapitiwa na usingizi.

Mama zetu walikutana chumbani kwa Anti siku iliyofuata. Sisi tuliwekwa jikoni na biskuti, na kati yetu na wao palikuwa na pazia tu.

"Wewe Peninah," Mama alianza, "wana wetu ulikuwa wawasomesha nini?"

"Chekechea."

"Chekechea gani hiyo?"

"Si hiyo tu naijua? Nilifanya kazi kwa chekechea ya Waisraeli pale Nairobi, miaka mingi. Nilianza na kupiga deki, halafu wakaniambia niwe nasaidia darasani. Hiyo ndiyo shule ya watoto wadogo nimewahi kuona."

"Na hukutuambia?"

"Hamkuuliza. Na si ni mambo ya Musa tu? Nyinyi muko na Musa, sisi tuko na Musa. Nilidhani Musa hana shida na mtu."

Halafu Mama Brayo alicheka, na Mama akafuata, kicheko cha watu waliokuwa wameshikilia roho mkononi. Lakini kicheko kilipokwisha walikata shauri. Nyimbo zile basi, halas. Maboksi yachomwe. Na mtu yeyote akituuliza tulikuwa tunaimba nini, jibu ni moja, ni Kiluhya.

"Kiluhya?" Anti alisema, na hapo ndipo nilipomsikia ameumia kweli. "Kiluhya yetu haikai hivyo!"

"Nani Jedda ajua Kiluhya?" akauliza Mama.

Anti hakubishana. Aliuliza tu, "Sasa nitawafunza nini?" Hakuna aliyemjibu. Nilisikia vikombe vikikusanywa.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Tulitazama katuni. Anti alikaa juu ya godoro, mikono kifuani, akitutazama kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua chumbani. Nilimwomba kibanda, akasema, "Mafi kibanda, Mwanaisha. Hakuna." Nilidhani ametukasirikia. Mimi nami nilimkasirikia, kwa kuwa sikujua nimkasirikie nani mwingine.

Kisha asubuhi moja alizima televisheni, akatuketisha duara. Alitufundisha kuhesabu kwa njia mpya, na wimbo mpya wa kuku anayetafuta vifaranga vyake, na mchezo wa kujipigapiga viganja magotini. Tulipouliza ni lugha gani, alijibu, "Kiluhya." Kwangu hapakuwa na jipya. Mama alikuwa ameniambia zile za kwanza ni Kiluhya, na Anti ananiambia hizi ni Kiluhya. Nikazitia zote kapu moja. Tuliporudi Mombasa, tukapotezana na Anti, mimi nilikuwa binti wa Kiswahili anayejivunia kujua Kiluhya.

Nilijivunia hivyo mpaka chuo kikuu. Huko nilikaa chumba kimoja na Nasimiyu, msichana Mbukusu, yaani Mluhya wa Bungoma, ambaye kwa bahati mbaya aliongea nami Kiswahili tu na hakunipa nafasi ya kuumbuka mapema. Likizo moja alinialika kwao. Bibi yake, waliyemwita Kukhu, alikuwa ameketi sebuleni na nyumba imejaa shangazi, wajomba na wajukuu. Niliona hii ndiyo siku yangu. Nikasimama.

"Boker tov, Kukhu!"

Kukhu aliendelea kunitazama. Nilidhani hakusikia, nikapaza sauti, nikahesabu mpaka kumi. Mjomba mmoja aliuliza kama nimetoka Ethiopia. Nasimiyu alijificha nyuma ya mto wa kochi akivunjika mbavu. Kwa kukosa la kufanya nikaimba wa kuku na vifaranga.

Kukhu aliinuka kutoka kwenye mto aliokuwa ameegemea. Alianza kupiga makofi, akaingia kwenye ubeti wa pili kwa sauti nyembamba, na ubeti wa tatu, ambao mimi nilikuwa nimeusahau, aliumaliza peke yake. Nikahesabu kwa ile njia ya pili, akaitikia kila namba. Nusu ya Kiluhya changu ilikuwa Kiluhya!

Nilitoka uani nikampigia Mama. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanisimulia yote. Yule mzee wa Kiyemeni alikuwa amekulia kijiji ambacho mafundi wa fedha walikuwa Wayahudi, na watoto wao walikuwa rafiki zake wa kucheza, wakihesabu namna ile. Waliondoka yeye angali mdogo, hakuwasikia tena mpaka aliponisikia mimi. Ndiye aliyemsihi Baba nisirudie kuhesabu hivyo sokoni.

"Mbona hamkuniambia?" nilimuuliza, na nilikuwa nimekasirika.

"Wewe? Ungeropoka."

Nilikata simu, nikasimama karibu na tangi la maji, na lile swali la Anti likanirudia, lile ambalo hakuna aliyelijibu. Utotoni nilidhani alikuwa amenuna kwa zile wiki za katuni. Sasa nilielewa kwamba alikuwa anatafuta. Walimnyang'anya shule pekee aliyowahi kuiona, ikabidi arudi nyuma, nyuma ya Jedda, nyuma ya Nairobi, mpaka akafika kwa aliyemwimbia yeye akiwa mdogo. Mama zetu walimpa uongo wa kujikingia, naye akaugeuza kuwa kweli, kwa kuwa hakukubali kukaa bure mbele ya watoto.

Niliporudi ndani Kukhu alikuwa ananingoja. Aliuliza, Nasimiyu akitafsiri, kama mama yangu ni mtu wa Bungoma.

"Hapana. Mwalimu wangu ndiye wa huku," nilisema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita hivyo. Maisha yote nilimwita anti, na wengine walimwita yaya.

"Ni mwalimu wa shule gani?"

Shule ile haikuwa na jina wala kibao, na mlango ukigongwa ilinyamaza.

"Chekechea," nilisema. "Ya Jedda."

Kukhu aliwageukia wajukuu wake mmoja mmoja. "Mmesikia?" alisema, safari hii kwa Kiswahili ili nami nisikie. "Huko kwa Waarabu wanafunza watoto Kibukusu shuleni. Na nyinyi hapa mnanisalimia kwa Kiingereza."

Sikumsahihisha. Nilikaa chini karibu naye, nikamwomba anifundishe ubeti wa tatu.