Mti wa Nyikani Ndani ya Sufuria ya Naserian

Nilikuwa na miaka tisa, Mwingereza bado akitawala, siku Naserian alipopanda kuja kwetu juu ya Tengeru akiwa amekumbatia sufuria iliyotoboka. Mama yangu alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na baba alikuwa amemwoa huyu mwanamke wa Kimaasai kutoka nyika za Longido. Majirani walikuja na mikungu ya ndizi kumpokea. Mimi niliitazama ile sufuria tu. Ndani yake kulikuwa na mti mfupi, shina limevimba chini kama chungu, majani manene yanang'aa.

“Usivunje tawi,” aliniambia kwa Kiswahili chake cha kusitasita. “Maziwa yake ni sumu. Kwetu wanaume wanapaka kwenye mishale.”

Sumu, mlangoni petu! Nilitimua mbio kuwaambia watoto wote wa mtaa wetu.

Bibi, mama yake baba, hakuufurahia. Aliuzunguka, akaguna. “Mti wa nyikani hauozi peke yake,” alisema. “Ukioza ugenini, aliyeuleta hufungasha mizigo akarudi kwao.”

Nililishika neno hilo kama mtu aliyeokota ufunguo, maana nilikuwa simtaki Naserian. Alikuwa anakalia kigoda cha mama yangu.

Naye aliutunza mti ule kama mtoto mchanga. Aliupanda kwenye mchanga wa mtoni uliochanganywa na changarawe, akauweka chini ya upenu ili mvua isiufikie, na kila asubuhi aliusogeza kulifuata jua. Zilipokuja siku za baridi, ukungu wa Mlima Meru ukitufunika hadi saa nne, mti ukapukutisha majani yote, naye akaacha kuumwagilia kabisa.

“Umekufa?” nilimuuliza.

“Umelala. Ukiunywesha sasa, utaoza.”

Basi nikajua la kufanya. Kila alfajiri nilipotoka mferejini na maji, nilimimina bakuli zima kwenye sufuria ile, nikaingia ndani moyo ukinidunda kwa furaha. Nilifanya hivyo karibu wiki mbili.

Kisha funza akanibadilisha. Alikuwa ameingia kwenye kidole changu cha mguu, nami nilimficha kwa aibu. Naserian aliniona nikichechemea. Alinikalisha juani, akaushika mguu wangu mchafu mapajani mwake, akamtoa funza kwa mwiba, taratibu, bila kupasua mfuko wa mayai. Huku akinichimba alinisimulia jinsi mbuni alivyomfukuza alipokuwa mdogo, akaigiza shingo ya mbuni, nikacheka mpaka nikasahau maumivu. Hakuna aliyekuwa amenigusa hivyo tangu mama aondoke.

Kesho yake sikumimina maji. Lakini nilipolibonyeza shina, kidole kilizama kama kwenye ndizi iliyoiva mno.

Siku tatu baadaye nilirudi kutoka shule nikakuta khanga imefungwa furushi mlangoni, nguo za Naserian zikiwa ndani. Sijawahi kukimbia vile. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amechuchumaa mbele ya sufuria.

“Ni mimi!” nililia. “Ni mimi niliyeumwagilia! Usiende!”

Hakushtuka. “Najua, Elifuraha. Niliona nyayo zako kwenye tope.”

“Mbona hukumwambia baba anichape?”

Aligusa shina lililolegea. “Nilisema, kama mtoto hanitaki, nitamlazimishaje? Ila siku tatu hizi sikuona nyayo.”

“Basi tuuponye!”

Alinitazama, kisha akacheka ghafla na kusimama. “Lete kisu! Lete na majivu, mbio!”

Akanifunga kitambaa mikononi kwa ajili ya sumu. Tukaung'oa. Akakata sehemu iliyooza, vipande vya kahawia vyenye harufu mbaya, akaendelea kukata hadi ikabaki nyama nyeupe, ngumu, ndogo kuliko ngumi ya baba. Tukaipaka majivu. Bibi alisimama mlangoni akitutazama. Nilidhani atatugombeza, lakini alisema tu, “Uwekeni kwenye kichanja cha kahawa, kuna jua zuri pale.” Kisha akalinyanyua furushi la khanga na kulirudisha ndani mwenyewe.

Mti ule ulikaa kichanjani siku nyingi hadi jeraha likakauka. Tukaupanda tena, na kunywesha kukawa kazi yangu: kikombe kimoja, mchanga ukishakauka kabisa, si zaidi. Likatoka jani. Yakatoka matano! Na asubuhi moja ya kiangazi kilichofuata nikaona ua, la rangi ya waridi pembeni na jeupe katikati, nikapita migombani nikipiga kelele hadi majirani wakadhani nyumba inaungua. Walikuja wote. Naserian alipiga vigelegele vya kwao, na Bibi, Mlutheri wa kwenda kanisani kila Jumapili, alicheza.

Sasa nami ni mzee. Watu huniuliza kama naamini maneno ya Bibi. Najua kwamba mti ulioza na mizigo ikafungashwa, kama alivyosema. Lakini najua pia ni mkono wa nani uliomwaga maji. Mara nyingi yanayosemwa na wazee hayatimii yenyewe. Hutafuta mtu wa kuyatimiza, na mwaka ule yalinipata mimi. Naserian alikaa nasi miaka arobaini na moja. Tulipomzika, mchungaji aliuliza nani ni mtoto wake mkubwa, nikanyoosha mkono.