Karibu Iliyomruka Kaka Mkubwa

Kila mara kabla ya kula, Mama mdogo Nụ aliweka vijiti vya kulia chini akakaribisha kwanza. Hata tukiwa wawili tu, maana niliishi kwake, alianza na picha ya marehemu mumewe, Baba mdogo Khoát, kisha mimi, ndipo akagusa wali. Kijijini kwetu kando ya Mto Mwekundu, wakubwa hukaribishwa kwa kutajwa, kila mmoja kwa cheo chake. Ukimruka mtu ni kama umemwambia ainuke atoke. Mimi shule niliiachia darasa la sita. Hayo nilijifunza kwake.

Nyumba yake ilikuwa kwenye ardhi ya ukoo, naye hakujaliwa mtoto. Wazee walisema siku ya kumbukumbu ya mwaka wa tatu wa kifo cha mumewe, baada ya chakula, wataamua abaki au atoke. Neno la mwisho lilikuwa la mkuu wa ukoo, Thuyết, kijana wa miaka ishirini na sita. Lakini Thuyết ni wa mlango wa kwanza wa ukoo, uzao wa mwana mkubwa, kwa hiyo mama mdogo, na miaka yake hamsini na miwili, alimwita kaka mkubwa.

Majirani walimtania. "Nụ, huyo si alikukojolea mgongoni ukimbeba? Leo unamwinamia?"

Alijibu kwamba angemwinamia hata nyati wa kulimia, mradi yeye aendelee kulala nyumbani kwake.

Wiki nzima alirudia mpangilio wa vyeo huku akichambua mchele. Siku yenyewe alipika tangu alfajiri, sinia saba: kuku wa kuchemsha, wali mwekundu wa kunata, supu ya machipukizi ya mianzi. Mchana watu wakakaa mikekani. Akasimama mlangoni, vidole vimevimba kwa mvuke, akakaribisha mababu na mabibi, baba wakubwa, baba wadogo, shangazi. Thuyết alikuwa ametoka kwenda uani kuongea na simu. Mahali pake palikuwa wazi, macho ya mama mdogo yakapita.

"Na ninyi nyote, karibuni mle."

Thuyết alikuwa amefika kizingitini, nyuma yake. Akakaa, asishike vijiti. Basi hakuna aliyeshika. Mafuta ya kuku yakaanza kuganda.

"Kumbe mimi ni wa kwenye 'ninyi nyote'," alisema taratibu.

"Nimekosa, kaka. Sikukuona."

"Mkuu wa ukoo haonekani. Haya."

Babu Chước, mmoja wa wazee, alijaribu kusema mama wa watu amechoka, akakatizwa. Mama mdogo akapiga magoti, akaanza upya kutoka juu, akamtaja Thuyết mahali pake. Akakirudia cheo chake mara ya pili. Thuyết alisema hayo sasa ni ya kulazimishwa, kisha akachukua vijiti, na watu wakala.

Baada ya chai wazee wakatamka: nyumba apewe mdogo wake Thuyết, anayeoa mwezi wa tisa. Mama mdogo akae mpaka mpunga uvunwe. Mpaka leo sijui kama angemtaja tangu mwanzo mambo yangekuwa vingine. Yule mdogo mtu alikuja asubuhi ile, kabla ya chakula, na futi ya kupimia mfukoni, nilimwona.

Mama mdogo aliinuka akakusanya vyombo. Aliosha bakuli za sinia zote saba, akazipanga, akakausha mikono. Akavaa kofia ya majani, akaniambia nilishe bata, akatokea mlango wa jikoni, akapanda tuta la mto.

Nililisha bata siku tisa, naye hakurudi. Siku ya kumi watu wa ukoo wakaja kuwachukua.