Kofia ya Ncha ya Kusini

Kazini walimwita Ncha ya Kusini. Alipanga nyama kwenye chumba cha kugandishia, na kila akitoka, barafu ndevuni, alisimulia habari za wale waliokwenda na mbwa wao hadi ncha ya dunia. "Wale ndio wanaume," alifoka. "Nyinyi feni tu ikiwapuliza, chafya!"

Pale kazini sheria ilikuwa moja: anayeingia chumbani hutundika kofia yake nje ya mlango, asije akafungiwa ndani. "Hata wale wa ncha," aliwakumbusha, "walisimika bendera karibu na hema, ili theluji ikiwafunika, mtu ajue pa kuchimba."

Sasa amestaafu. Mkewe ametangulia mbele ya haki, na watoto wakipiga simu, basi kuna msiba.

Asubuhi moja mama jirani aligonga, mkononi ana kofia ya sufu. "Babu, umeisahau hii kwenye kitasa, huku nje."

"Uzee huo, mwanangu. Ahsante."

Akangoja mpaka jirani aingie kwake na kufunga mlango. Kisha akaitundika tena palepale, akarudi ndani.