Mate Safi ya Nyanya

Sisi tuliolelewa kijijini Ruiri kabla simu hazijaingia kila mfuko tunajua kukohoa. Vumbi la kiangazi lilitupaka nyusi, upepo wa mlima ulitupasua midomo, na jioni tulijazana jikoni kwa Nyanya kungojea githeri, mahindi na maharagwe, huku moshi ukitutoa machozi. Juu ya mafiga alikuwa ametundika mahindi ya mbegu ili moshi uyakaushe na kufukuza wadudu. Sisi tuliketi chini yake, tukikaushwa pamoja nayo. Ukikohoa, kila kiti kilikuwa na daktari wake. Baba alisema ni vumbi. Shangazi alisema ni baridi ya mlima. Mzee Hamisi, muuza nyama wa sokoni, alisema ni kwa sababu hunywi supu. Hakuna aliyewahi kusema hajui.

Mnaokumbuka sweta za shule zenye mikono iliyokakamaa kwa kamasi mnanielewa. Tulicheza bano, zile gololi za kioo, mchangani, wasichana wakarushiana mpira wa makaratasi katika mchezo wa kati, na aliyeshikwa na kikohozi alipigiwa kelele, "Trekta imewaka!" Tulicheka mpaka tukakohoa sote. Kifua hakikuwa kitu cha kuogopa.

Kisha Nyanya, mama yake Baba, akaanza kukohoa na hakuacha. Alikohoa wakati wa kupanda, akakohoa wakati wa kupalilia. Akakonda hadi leso ikawa haimkai kiunoni, na asubuhi shuka lake tulilikuta limeloa jasho. Wakubwa bado walikuwa wakibishana, tangawizi au supu, supu au tangawizi, kama watu wanaochagua rangi ya lango. Mpaka leo nikiwakumbuka hasira inanipanda. Aliyechoka kwanza ni Mama. Alifunga kitambaa kichwani, akamshika mama mkwe wake mkono, wakaenda zahanati, nami nikafuata kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa.

Daktari alimpa Nyanya kikopo. Akamweleza kwamba anataka makohozi ya asubuhi, yanayotoka ndani kabisa ya kifua, kabla hajatia chochote mdomoni. Hayo ndiyo yangeonyesha kama ni kifua kikuu. Nyanya aliitikia kwa heshima zote. Kesho yake akaamka, akapiga mswaki kwa kijiti, akasukutua kwa maji ya chumvi, akasukutua tena, kisha akatema kikoponi mate meupe yanayometameta. Mtu hawezi kwenda kwa daktari na mdomo mchafu.

Vipimo vikasema hana kitu.

Nyumbani supu ikashangiliwa. Nyanya akazidi kukonda. Mama akamrudisha, wakapewa kikopo kingine, na Nyanya akasukutua vilevile. Safari hii daktari alikiinua kikopo kwenye mwanga wa dirisha, akashusha pumzi ndefu.

"Shosho, haya ni mate. Ni safi kuliko maji ninayokunywa. Mimi nataka uchafu."

"Wewe ni mtoto wa watu," Nyanya akasema. "Nikuletee uchafu wangu nikwambie karibu?"

"Ndiyo, Shosho. Niletee. Ndiyo kazi niliyosomea."

Njiani ndipo ukweli ulipotoka, na haukumhusu daktari. Ulimhusu Mama. Kwetu mama mkwe na mke wa mwanawe wana heshima kati yao isiyochezewa, na sasa mmoja alitakiwa kukohoa na kutema huku mwenzake akisikia, kisha huyo mwenzake ayabebe makohozi hayo kwenye mkoba wake hadi zahanati.

"Heri nife na heshima yangu," Nyanya akasema.

Mama alisimama katikati ya barabara. "Sawa, Mama. Na hawa wajukuu wako ukishawaacha, watakula heshima?"



Asubuhi iliyofuata Mama alitoa amri. Nyanya aende na kikopo kipya nyuma ya ghala, penye hewa safi, kabla hajagusa maji. Sisi watoto tukapangwa mbele ya ghala kama kwaya, migongo ikiwa kwa Nyanya, na Mama naye akampa mgongo.

"Imbeni! Atakayenyamaza hanywi chai."

Tukaimba nyimbo zote tulizofundishwa shuleni, kwa sauti za kupasua paa, mpaka jirani akaja langoni kuuliza ni nani anaolewa. Nyuma yetu, chini ya wimbo, Nyanya alikikohoa kile kikohozi alichokuwa akiwaficha watu, kutoka chini kabisa. Alipotokea, kikopo kilikuwa kimefunikwa kwa kitambaa kilichofumwa. Alikitoa bila kumtazama Mama. Mama alikipokea bila kukitazama.

Kilikuwa kifua kikuu. Sote tukapimwa, madirisha yaliyokuwa yamefungwa kuzuia baridi yakafunguliwa, na Nyanya akameza dawa kwa miezi sita, Mama akisimama mbele yake kila zilipomezwa. Akapona.

Sasa nikimtazama binamu yangu Mwenda, nataka kupiga ukuta kichwa. Anakohoa wiki nenda wiki rudi. Anaiuliza simu, simu inamwambia ni vumbi au ni kifo, naye anachagua vumbi. Moshi tuliokuwa tukiukimbia jikoni yeye anaununua, anauvuta kwa kifaa cha kuchaji, una ladha ya embe. Hospitali iko karibu, mashine za siku hizi zinatoa jibu upesi, na bado nikimsihi aende ananiambia, "Tulia basi, ni kahoma tu." Kijana ambaye haoni haya kuianikia dunia nzima sahani yake ya chakula anaona haya kukohoa mbele ya daktari!

Dawa zilimponya Nyanya, lakini zilichelewa. Sehemu ya mapafu ilikuwa imekwisha kuharibika, na haikurudi. Zamani alisimama kando ya boma jioni akituita, na jina lako lilikufuata hadi ng'ambo ya bonde hata ungejificha wapi. Alipopona alijaribu tena, na sauti ikaishia kwenye ukuta wa zizi. Siku hizi mzazi humwita kwa simu mtoto aliye chumba cha pili, na mtoto haitiki. Sisi tulijifunza kulitazama jua. Likianza kuinama tuliacha mchezo katikati, hata tukiwa tunashinda, tukakimbia nyumbani kabla Nyanya hajafungua kinywa kutuita.